Fundo Lililokosekana

"Alipokata kamba, alikuwa amesimama wapi?"

Mlinzi wa maktaba alinyoosha rungu lake kuelekea shina la mjakaranda. "Pale, afande. Pale penye unga wa mbao."

"Juu ya mti au chini?"

"Chini. Angekuwa juu ningesema juu."

Inspekta hakujali jibu la mkato. Tangu juzi mlinzi alikuwa amesimulia kisa hiki kwa konstebo, kwa wafanyakazi wa maktaba, kwa wasomaji na kwa kila mpita njia aliyekuwa na dakika ya kupoteza, na kila aliposimulia, msumeno wa mtuhumiwa ulizidi kuwa mrefu.

Kisa chenyewe, kama kilivyoandikwa kwenye jalada, hakikuwa kirefu. Juzi asubuhi mkata miti mmoja, ambaye mji mzima ulimwita Ngedere kwa jinsi alivyokuwa akipanda, alikuwa juu ya mjakaranda huu akipunguza matawi yaliyolalia paa la maktaba. Chini alikuwepo msaidizi wake, mdogo wa mkewe. Huyu aliitwa Shemeji, na aliitwa hivyo hata na watu wasiohusiana naye kwa ndoa wala kwa damu. Mlinzi alisikia kishindo, akatimua mbio kutoka langoni, akafika na kumkuta Shemeji ameshika msumeno wa mkono anakata kamba, na Ngedere anaporomoka. Sasa Ngedere alikuwa hospitali, hajafumbua macho. Shemeji alikuwa mahabusu, na maelezo yake yote yalikuwa maneno mawili: "Niliikata mimi." Baada ya hapo alijifunga mdomo, hata chai aliyopewa hakuigusa.

Mkuu wa kituo aliona kesi imejileta yenyewe mlangoni. Kesho asubuhi mtuhumiwa angefikishwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kuua. Inspekta aliomba apewe siku ya leo, na Mkuu akampa shingo upande, maana Inspekta, mama aliyeitwa Shangazi na kituo kizima ila si mbele yake, hakuwa mtu wa kuomba kitu akakubali kunyimwa.

"Miguu yake yote miwili ilikuwa ardhini?" aliuliza.

"Ardhini kabisa. Tena alisimama kwa ncha za vidole, mkono juu hivi."

"Kwa nini ncha za vidole?"

"Si unamjua alivyo mfupi, afande? Mtu wa kimo kile hata swichi ya taa anaifikia kwa kuibembeleza."

Inspekta alimgeukia Koplo, kijana mrefu aliyekuwa amebeba mfuko wa vielelezo. "Simama pale. Kunja magoti. Zaidi. Haya, sasa umekuwa Shemeji. Nyoosha mkono."

Koplo alinyoosha, huku uso wake ukiomba asipite mtu anayemfahamu.

Inspekta alitoa kwenye mfuko wa vielelezo mkanda wa kupandia wa Ngedere, ule mpana wa kiunoni wenye vitanzi vya mapaja. Kwenye pete yake ya mbele kilikuwa bado kimefungwa kipande cha kamba kubwa, urefu wa mkono wa mtu, kilichokatwa ncha yake kwa msumeno. Akashika ncha hiyo akaiweka kwenye vidole vya Koplo, akaacha mkanda uning'inie. Uliishia usawa wa kifua.

"Kamba ilikatwa hapa," alisema. "Kiuno cha Ngedere kilikuwa hapa. Hakuwa juu ya mti. Alikuwa ananing'inia mbele ya uso wa mwenzake."

Mlinzi aliutazama mkanda, akautazama mti. "Lakini mimi nilimwona akianguka."

"Ulimwona. Daktari anasema amevunjika paja na mbavu, na ana jeraha la kichwa lenye vipande vya gome. Mtu havunjiki hivyo kwa kuanguka kutoka kifuani mwa Koplo. Alishaumia kabla kamba haijakatwa. Hebu turudi mwanzo. Ulipokuwa langoni, ulisikia nini kwanza?"

Mlinzi alifikiri, safari hii kwa dhati. "Zipu."

"Zipu?"

"Kama mtu anafungua zipu ya hema kwa nguvu. Zzzzp, ndefu. Kisha tawi likavunjika. Kisha Shemeji akapiga kelele, 'Achia! Achia!' Ndipo nikakimbia."

"Hilo la kelele halimo kwenye maelezo yako."

"Konstebo aliniuliza nimeona nini. Hakuniuliza nimesikia nini."

Koplo alinyoosha magoti polepole, akaanza kuandika. Inspekta alichuchumaa penye shina. Usawa wa goti, gome lilikuwa limechubuka mstari mmoja, mbichi, uliozunguka mti kama alama ya soksi kwenye mguu. Kamba ilikuwa imezungushwa hapo ikakazwa kwa uzito mkubwa. Alipiga picha, akainuka akijishikilia kwenye goti.

"Na ule ugomvi wao wa siku iliyotangulia, uliomwambia konstebo?"

Hapo mlinzi alirudi kwenye ardhi aliyoizoea. "Huo niliuona kwa macho yangu. Walikuwa hapo langoni, nyuma ya pikapu yao. Shemeji ana kisu mkononi, anatetemeka kwa hasira. Akasema, 'Hiyo kamba itakuua.' Neno kwa neno. Ngedere akamsukuma, akaondoka zake."

"Ana kisu," Koplo alirudia kwa sauti ya chini walipokuwa wakirudi kwenye gari. "Hilo si zuri kwake, afande."

"Si zuri," Inspekta alikubali.

*

Uwanja wa mafunzo wa zimamoto ulikuwa na mnara wa mbao, ndoo za mchanga na mkufunzi mwenye upara aliyefundisha watu kujiokoa kwa kamba tangu Koplo akiwa shule ya msingi. Alivitandaza vielelezo juu ya meza moja baada ya kingine: kamba kubwa nyeupe, mkanda, pete za chuma, glavu za Ngedere zilizotoka hospitali ndani ya mfuko wa nguo zake. Alipomaliza, akainama kutazama chini ya meza, kisha akatikisa mfuko uliokuwa mtupu.

"Fundo liko wapi?" aliuliza.

"Fundo gani?"

"Afande, mmeniletea baiskeli haina breki." Akaichukua kamba yake mwenyewe iliyokuwa imepitishwa juu ya boriti ya mnara. "Tazama. Kamba kubwa inapita juu ya panda ya tawi. Ncha moja imefungwa mkandani kwangu. Upande wa pili unashuka hapa ubavuni mwangu, na mkia wake unaning'inia mpaka chini. Sasa nachukua kikamba kifupi." Kwa vidole vya haraka alikizungusha kikamba chembamba kwenye kamba kubwa, mzunguko juu ya mzunguko, akaipanga ikalala sambamba, akapachika ncha zake kwenye pete ya mkanda. "Hili ndilo fundo la kukaba. Nikilisukuma kwa mkono, linatembea. Nikiliachia likabeba uzito wangu, linagoma. Linanifikisha juu, linanishusha, linanishika nikichoka. Hapa mezani kwenu halipo."

Inspekta aliuvua mkoba wake akampa Koplo. "Nivalishe huo mkanda."

Hakupandishwa juu sana. Nyayo zake ziliachana na mchanga na kubembea hewani. Aliukamata mkono wa mkufunzi, kisha akauachia. Fundo lilimshika. Alibembea pale kama mtu aliyekalia kiti kisichokuwepo.

"Sasa jifanye unaanguka," mkufunzi alimwambia, akamsukuma begani.

Inspekta alikamata kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa fundo. Papo hapo lililegea, kamba ikalia zzp, na yeye akakaa kwenye mchanga kwa makalio. Koplo aligeuka akaanza kulichunguza gari la zimamoto kwa makini ya ghafla.

"Kila mtu hufanya hivyo," mkufunzi alisema akimwinua. "Anayeteleza hulikumbatia fundo, na akilikumbatia analizuia lisikabe. Ndiyo maana kwenye mafunzo tunawapigia kelele neno moja tu."

"Achia," alisema Inspekta.

"Achia. Umelijuaje?"

Inspekta alipangusa mchanga. Aliisogeza kamba ya Ngedere mbele yake. "Na ukiliachia, linakaba kila mara?"

"Kama kikamba ni cha kazi. Hiki changu kimetengenezwa kuvumilia joto." Mkufunzi aliipitisha kamba nyeupe vidoleni, kipande kwa kipande, mpaka akafika mahali akasimama. Hapo nyuzi ziling'aa kama zimepakwa nta, na ndani ya mng'ao huo kulikuwa na michirizi ya kijani. Akakwaruza kwa ukucha. "Hiki hakikuwa cha kazi. Hii ni plastiki. Asubuhi ya kwanza inaweza kukaba vizuri tu, ukadhani umepata. Lakini mtu akishuka kwa kasi, msuguano unaleta moto, plastiki inalainika, na ikilainika inateleza zaidi. Hapo hata ukiachia umechelewa."

Inspekta aliigeuza glavu ya kulia. Kiganja chake kilikuwa na kovu la kijani lililoganda.

"Basi kwa nini hakufika chini?" Koplo aliuliza. "Fundo limeyeyuka, kamba inateleza, na bado alikutwa ananing'inia."

"Mtu wa chini," mkufunzi alisema. Aliuchukua mkia wa kamba yake akaukaza kwa mikono miwili, mwili wote umelala nyuma. "Akiushika mkia akaukaza hivi, kamba inapinda pale kwenye fundo, na aliye juu anapunguza mwendo. Akiweza kuuzungusha kwenye shina, anamsimamisha kabisa. Ila mimi nimevaa glavu. Kwa mikono mitupu, kamba ikiwa mbioni..." Akavipuliza viganja vyake kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Inspekta alimtazama Koplo. "Alipohojiwa, mikono yake ilikuwa wapi?"

"Chini ya meza, afande. Amekunja ngumi. Tuliandika kwamba ni mkaidi."

*

Ndani ya gari, kichwani mwake, Koplo alikuwa ameshamwachilia mtuhumiwa. Ikambidi Inspekta amrudishe rumande.

"Aliyeokoa anaweza pia kuwa ndiye aliyetega," alisema. "Mtu anaweka kikamba kibovu, anaona mwenzake anakufa, moyo unamgeuka. Hilo limewahi kutokea. Na fundo limetoweka. Fundo haliendi matembezi lenyewe. Nataka kujua lilitoka wapi, na nani alilitia mkononi mwa Ngedere."

Nyumba ya Ngedere ilikuwa na uwanja mdogo wa saruji kwa nyuma na kiraka cha udongo uliolowa. Mkewe alikuwa akikunja nguo za kupeleka hospitali. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini mikono yake ilikunja kila shati sawasawa, ukosi juu, kana kwamba shati likikaa vibaya na mgonjwa atazidiwa.

Inspekta alimpa pole, akaulizia hali ya mgonjwa, akapewa kiti. Hakukaa. Nyuma ya mama huyo, kutoka dirisha la jiko mpaka nguzo ya ukuta, ilipita kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa ya plastiki, ya kijani. Karibu na nguzo ilikuwa imeungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, kwa sababu kamba yenyewe haikufika.

"Hii nani aliikata, mama?"

Mikono ilisimama juu ya shati. "Kwa nini?"

"Niambie tu."

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mume wangu." Aliketi yeye kwenye kile kiti. "Asubuhi ile ile ya ajali, kabla hajaenda. Nilikuwa nimeanika shuka. Akatoka na kisu, akakata, shuka zote zikaanguka kwenye matope. Jirani yangu alikuwa pale kibarazani, alicheka mpaka akaja kunisaidia kufua upya. Mimi sikucheka. Nilimwambia maneno, afande. Tangu juzi nayasikia yanarudi."

"Yeye alijibu nini?"

"Alisema, 'Ndugu yako ameniharibia ya kwangu, na mimi siwezi kusubiri duka lifunguliwe, watu wa maktaba wananingoja.' Akaizungusha mkononi, akaenda."

"Ameniharibia ya kwangu. Alisema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

Inspekta alimtuma Koplo kwa jirani. Alirudi upesi: jirani alikumbuka kisu, shuka na matope, na aliyekata, na hakuongeza chumvi isipokuwa kwenye kicheko. Inspekta alikata ncha ya kamba ya kijani, akaitia kwenye bahasha, akaifunga na kuandika juu yake. Alipoinua kichwa, mke wa Ngedere alikuwa amemkazia macho.

"Afande, wameniambia mdogo wangu amekiri. Nimemlea mgongoni mwangu yule. Nimeshindwa kwenda kumwona, nimeshindwa kumpelekea hata blanketi, kwa sababu sijui nikifika nimtazame vipi. Nieleze wewe. Ni yeye?"

"Mdogo wako anajua kwamba mumeo aliikata hii kamba mwenyewe?"

"Atajuaje? Yeye hulala kwao, wanakutana kazini. Na tangu hapo sijasema naye."

Inspekta alifunga mkoba wake. "Lichukue hilo blanketi," alisema. "Twende."

*

Shemeji aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na ndevu za kubahatisha na shati lenye gundi ya mti. Alikaa, akaishusha mikono chini ya meza. Inspekta hakufungua jalada. Alitoa bahasha, akakiweka kipande cha kijani katikati ya meza.

Shemeji alikitazama.

"Dada hakujua kitu," alisema.

"Sijamtaja dada yako."

"Nasema tu. Kama mmekwenda nyumbani, nasema hakujua kitu. Mimi niliikata kamba. Nionyesheni mnapotaka nitie sahihi."

"Lete mikono juu ya meza."

Hakuileta.

"Si amri ya polisi," alisema Inspekta. "Nakuomba. Kama ningekuwa shangazi yako ningeshakuja upande huo nikaitazama kwa nguvu."

Mikono ilikuja, ngumi mbili. Ikafunguka pole pole, kidole kwa kidole, kwa sababu kufunguka kuliuma. Katikati ya kila kiganja ulipita mfereji mwekundu, mpana kama kamba, ngozi imeondoka na pembeni imekunjamana. Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitoka bila kuagizwa kwenda kutafuta dawa.

"Kamba ya kuanikia aliikata Ngedere mwenyewe," Inspekta alisema. "Asubuhi ile, mbele ya jirani, shuka zikaanguka kwenye matope na dada yako akagomba. Hakumpa. Hakujua hata anaitakia nini."

Shemeji alimtazama kama mtu anayesubiri sehemu mbaya ya habari. Ilipokosekana, mabega yake yalishuka, akavuta pumzi iliyoingia kwa mafungu.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mimi nilidhani..." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Walikuwa hawaelewani mwezi mzima. Nilipoona ile kijani kwenye pete nikaijua, nimeanikia nguo zangu pale mara nyingi. Nikasema, polisi wakiiona, watamfuata dada. Mlinzi alipokwenda kuita msaada nikaitoa nikaificha."

"Anza kwenye ugomvi. Ulikuwa na kisu."

"Kikamba chake cha zamani kilikuwa kimechoka, afande. Kimetoka manyoya kama mkia wa paka. Nilimwambia, hiyo kamba itakuua. Hasikii. Nikaona dawa yake ni moja, nikaikata vipande vipande mbele yake, nikajua lazima atanunua mpya. Ndiyo niliyowaambia. Niliikata mimi. Nisingeikata, angekuwa juu na kamba mbovu, lakini ya kazi. Nilimpeleka mwenyewe kwenye plastiki."

"Na asubuhi hukuiona hiyo plastiki?"

"Alipanda mimi nikiwa bado napakua vifaa. Alikuwa amenuna, hataki salamu. Kazi ilikwenda vizuri, nikajua amenunua. Alipoanza kushuka alishuka kwa mbwembwe kama kawaida yake. Nikasikia kamba inalia. Nikaona moshi. Nikampigia kelele aachie, lakini alikuwa amelikumbatia fundo. Akagonga tawi, akageuka kichwa chini. Basi nikaukamata mkia."

"Kwa mikono mitupu."

"Glavu zilikuwa kwenye pikapu." Alisema hivyo kama mtu anayeomba radhi kwa uzembe. "Nilimvuta, nikazungusha kwenye shina, akasimama. Lakini kamba ilikuwa imemzunguka shingoni, na uso unabadilika rangi. Kuifungua ningechelewa. Nikachukua msumeno. Aliniangukia mimi, afande, si ardhi. Mlinzi akaja, akaniona na msumeno. Hakuna aliyeniuliza kitu kingine."

"Fundo liko wapi?"

"Kwenye bomba la maji ya mvua, pembeni ya mlango wa maktaba. Nimelisukuma ndani."

Koplo alirudi na bandeji, akatumwa tena, na aliporudi safari ya pili alikuwa na donge la kijani ndani ya mfuko wa plastiki: mizunguko iliyoyeyuka ikashikana, na katikati yake nyuzi nyeupe za kamba kubwa. Kipande cha kwenye bahasha kilifanana nalo kwa rangi, kwa unene na kwa msokoto.

Mkuu wa kituo aliyasikiliza yote akiwa amesimama dirishani. Aliuliza kuhusu gome, kuhusu jirani, kuhusu kile kipande cha urefu wa mkono. Kila swali lilipata jibu. Mwishowe akakaa.

"Kwa hiyo tuna nini, Inspekta?"

"Tuna mkata miti mbishi, afande, na shemeji yake aliyemshika kwa mikono yake."

"Na mahakamani kesho nipeleke nini?"

"Hakuna cha kupeleka."

Mkuu alisugua paji la uso, kisha, pole pole, akatabasamu kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. "Nilikuwa sijaipenda hii kesi," alisema. "Ilikuwa rahisi mno." Kabla hajaongeza neno, Koplo alichungulia mlangoni na simu sikioni. Ilikuwa hospitali. Ngedere amefumbua macho, na anagombana na muuguzi kuhusu viatu vyake.

*

Inspekta aliingia wodini peke yake kwanza, kwa sababu maelezo ya majeruhi huchukuliwa kabla hajaonana na wahusika. Ngedere alikuwa amefungwa bandeji kichwani na mguu wake umening'inizwa kwa vyuma na kamba nyembamba, ambayo alikuwa akiikagua kwa macho ya kutoridhika.

"Nani alikupa kamba ya kijani?" Inspekta alimuuliza.

"Nilijipa." Sauti yake ilikwaruza. "Mke wangu bado amekasirika kuhusu shuka?"

"Utamuuliza mwenyewe. Unakumbuka nini baada ya hapo?"

"Joto. Kitu kinaniunguza kiganja nami sikiachii, sijui kwa nini, miaka yote nawaambia watu waachie. Kisha niko kichwa chini, na nikamwona mdogo wangu, amelala nyuma na mkia wa kamba mikononi kama anavuta ng'ombe kutoka kisimani. Basi." Alijaribu kuinua kichwa. "Yuko wapi? Mikono yake vipi?"

Inspekta aliandika neno la mwisho, akafungua mlango.

Dada na mdogo wake walikuwa kwenye benchi la korido. Blanketi lilikuwa limemfunika Shemeji mabegani ingawa hakukuwa na baridi, na dada yake alikuwa ameshika viwiko vyake, kwa kuwa viganja havikushikika. Walikuwa wamelia wakamaliza. Waliingia pamoja. Mke alikwenda moja kwa moja kitandani, akaegemeza paji lake kwenye bega zima la mumewe.

"Umenikatia kamba mara mbili," Ngedere alimwambia Shemeji hatimaye.

"Ya tatu nitakukata masikio, hayana kazi."

Ngedere alicheka, mbavu zikamkumbusha, akaguna. Mkewe alimwambia anyamaze. Alinyamaza, jambo ambalo Shemeji alimwambia Inspekta kwamba hajawahi kuliona tangu ndoa ile ifungwe.

Inspekta alibaki kuandika maelezo yake kwenye meza ndogo ya dirishani. Alipomaliza, mke alikuwa akimlisha mgonjwa uji kwa kijiko, na kwenye kiti cha pembeni Shemeji alikuwa amelala fofofo, kichwa nyuma, mdomo wazi, mikono yake miwili iliyofungwa bandeji imetulia mapajani. Hakuwa amelala tangu juzi. Dada yake alikuwa amemvua viatu.

Muuguzi aliingia na sinia la dawa, akatazama saa ya ukutani. "Muda wa wageni umekwisha. Mke anaweza kumaliza kulisha. Na huyu?"

"Huyu si mgeni," alisema Inspekta. "Yuko chini ya ulinzi wa polisi."

Muuguzi alimtazama yule mtu mfupi aliyekuwa akikoroma na soksi iliyotoboka kidole gumba, kisha akamtazama Inspekta. "Amefanya kosa gani?"

"Bado tunachunguza," Inspekta alisema, akavuta pazia.